Shule ya Kanga na Gamba la Konokono

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia au mmepiga miayo? Vifaranga wameitikia vizuri, wakubwa ndio mnaoniaibisha. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Sogeeni ndani ya kichaka, mvua hii bado ipo ipo sana. Wewe Chembe, toa mguu wako mgongoni mwa mwenzio. Haya. Kabla sijaanza, kila mmoja amtazame jirani yake shingoni. Mmeona nini? Ngozi! Ngozi tupu ya buluu, haina hata unyoya wa kusingizia. Kuku ana manyoya shingoni. Njiwa anayo. Tumbusi hana, lakini yeye huingiza kichwa ndani ya mizoga, ana sababu zake. Sisi kanga tunakula mbegu na mchwa. Upara huu tumeutoa wapi? Nitawaambia, na wala sitamsingizia mtu. Tulijitakia wenyewe.

Zamani, zile zamani za kale hasa, kanga alikuwa na manyoya shingoni. Marefu, laini, meusi ti, yamenyunyiziwa madoa meupe. Akipita, ndege wengine wanageuka. Na kanga alikuwa na shule. Shule yenyewe ilikuwa kwenye kichuguu kando ya bwawa. Mwalimu juu, vifaranga chini, wanafundishwa mambo ya kanga. Namna ya kuparua udongo. Namna ya kuoga vumbi. Mchwa hutoka lini. Na somo kubwa kuliko yote lilikuwa somo la hatari. Hatari ikitoka juu, yaani Mwewe, unapiga kelele, "Kek-kek-kek!" na wote wanaingia vichakani. Hatari ikitoka chini, yaani Kicheche, unapiga kelele, "Chi-chi-chi!" na wote wanaruka mitini. Basi, hayo tu. Kek-kek-kek, kichakani. Chi-chi-chi, mtini. Kifaranga akishayajua hayo, mama yake anapata usingizi.

Tungeridhika. Lakini sisi na kuridhika wapi na wapi?

Kila tukienda bwawani kunywa maji, Tembo wanakuja. Du! Du! Du! Ardhi inatikisika. Nyati anasogea. Simba, na jina lake lote lile, anakumbuka ana shughuli kwingine. Sisi tunarukia kando, tunalowa matope, tunabaki kutazama midomo wazi.

"Hivi jamani," akasema Mzee Kishungi, mwenyekiti wetu, "Tembo amewezaje kuwa mkubwa vile?"

"Anakula sana," akajibu mmoja.

"Kula hata ngiri anakula. Niulizeni watoto wa Tembo wanasoma kwa lugha gani."

"Kwa lugha gani?"

"Kitembo!"

"Alaa!" tukasema wote.

Na kwa kuwa sisi si watu wa kukurupuka, tukaunda kamati. Kamati ikaenda kuzunguka dunia kuona wenzetu wanasomeshaje. Ikaenda kwa Bata. Ikaenda kwa Nyani. Ikaenda kwa Kiboko, ikaenda kwa Mbuni kule kwenye mchanga. Ikarudi miguu imevimba na vitambi vimetoka. Mzee Kishungi akapanda kichuguu, akakohoa, akasoma taarifa.

"Ndugu wajumbe. Bata anamsomesha mtoto wake kwa Kibata. Nyani kwa Kinyani. Kiboko kwa Kikiboko. Kote tulikopita, kila mmoja anamsomesha mtoto wake kwa lugha ya nyumbani kwake."

"Kwa hiyo?" tukauliza.

"Kwa hiyo, kamati inapendekeza sisi tusomeshe kwa Kitembo."

Tukapiga makofi! Pa-pa-pa-pa, mabawa mpaka vumbi likatimka. Ni mzee mmoja tu aliyenong'ona, "Lakini sisi na Tembo tunahusiana nini?" Mzee Kishungi akainamisha kichwa, akamwonyesha kile kinundu cha mfupa tulichonacho wote utosini. "Na hii ni nini? Si pembe hii? Sisi na Tembo ni ndugu, tumepotezana tu." Mzee wa watu akajipapasa utosini. Ungejibu nini?

Ikapigwa kura. Bawa la kwanza kunyanyuka lilikuwa la Bi Mtama. Na msije mkadhani nawasema bibi za watu. Bi Mtama ni bibi yake bibi yangu. Alikuwa na kifaranga mmoja tu, Kidoti, wengine wote Kicheche aliwamaliza wakiwa mayai. Huyo Kidoti ndiye roho yake. Alitaka awe mkubwa. Alitaka Simba amwone Kidoti akumbuke shughuli kwingine.

Sasa, mwalimu wa Kitembo atoke wapi? Mzee Kishungi akajitolea. Yeye alikaa na Tembo kiangazi kizima. Alikaa nao vipi? Alikuwa akiwafuata nyuma, anaparua mavi yao kutafuta mbegu. Kitembo chake chote kilikuwa maneno matatu, na yote aliyasikia akiwa huko nyuma. "Nguuu," yaani kula. "Nguu-nguu," yaani twende. Na "Nguruuum," yaani hatari. Tukamwita Mwalimu Mkuu.

Shule ikafunguliwa. Mwalimu Kishungi akatundika ugwe, na kwenye ugwe akafunga gamba la konokono, kubwa, zito. Akasema, "Atakayesikika akisema Kikanga hapa shuleni, atavaa gamba hili shingoni. Atalivaa mpaka amkamate mwenzake naye akisema. Na wazazi mkifika hapa, sheria ni hiyo hiyo."

"Sawa kabisa!" tukasema. Kwa Kikanga, lakini siku ile ilikuwa bado ya ufunguzi.

Somo la kwanza, hatari. Mwalimu akasema, "Tembo wakisikia Nguruuum, hawakimbiikimbii ovyo kama washamba. Wanakusanyika duara. Wanasimama imara. Wanapanua masikio."

Kidoti akauliza, "Mwalimu, masikio yetu sisi ya kupanua yako wapi?"

Swali zuri. Lakini kaliuliza kwa Kikanga. Gamba, shingoni! Ko!

Siku ya pili akauliza tena. Ko! Kidoti alikuwa mtoto wa maswali, alitoka na swali ndani ya yai. Lakini ugwe unakata. Unasugua huku, unasugua kule, manyoya yanadondoka. Wengine nao wakalivaa, kila mmoja kwa zamu yake, maana mtoto akikanyaga mwiba haanzi kutafuta neno la Kitembo. Wakaanza kuviziana. Mtu na rafiki yake wamekaa wanaoga vumbi, kumbe mmoja anamsubiri mwenzake aseme "aah, raha" amvishe. Shingo za watoto zikawa na mabaka. Sisi tukaona mabaka, tukasema, "Elimu hiyo inaingia."

Nyumbani, Bi Mtama naye akapiga marufuku Kikanga. Akamwambia mumewe, Mzee Bawa, "Tumsaidie mtoto, tuseme Kitembo." Maneno matatu, nyumba nzima! Mzee Bawa akiamka, "Nguuu." Mkewe, "Nguuu." Wakimaliza kula, "Nguu-nguu." Mzee Bawa alikuwa na jambo la kusema kuhusu mgongo wake uliokuwa ukimuuma tangu masika. Akaugua nalo kimya kimya, maana Kitembo cha mgongo hakujua.

Wageni wakija, Bi Mtama anamwita mwanawe. "Kidoti, hebu waungurumie wageni kidogo." Kidoti anavimbisha kifua, "Nguuu. Nguu-nguu. Nguruuum." Wageni wanashika vichwa. "Jamani, mtoto huyu!" Bi Mtama machozi yanamtoka kwa furaha.

Wakishaondoka, anamuuliza, "Ulisema nini pale, mwanangu?"

"Sijui, mama. Lakini ndivyo nilivyopatia mtihani."

Na hilo lilikuwa neno refu la mwisho Bi Mtama kulisikia kutoka kwa mwanawe. Baada ya hapo Kidoti akawa anarudi shuleni, anakula, analala. Haulizi kitu. Hasimulii kitu. Bi Mtama akauona ukimya ule. Akajiambia, "Ndio ukubwa huo. Tembo nao hawana maneno mengi." Mnacheka? Chekeni. Mimi mwenyewe ningesema hivyo hivyo.

Ikafika siku ya mahafali. Mgeni rasmi akaalikwa, Mama Tembo, mkuu wa kundi lote la bwawani. Akaja. Du! Du! Du! Akasimama kivuli chake kikatufunika wote na shule yetu. Wazazi wakapangwa mbele, mabawa yamepigwa vumbi safi. Vifaranga wakapangwa uwanjani, wakamkaribisha mgeni kwa Kitembo, "Nguuu! Nguu-nguu!" Kidoti asubuhi ile alikuwa amevaa gamba, kwa kumwambia mwenzake aangalie asiteleze. Mwalimu Kishungi akamficha nyuma ya kichuguu, mgeni asimwone. Bi Mtama akakaa karibu naye, amejikunja kwa aibu.

Nyuma ya kichuguu hakuna cha kutazama. Kidoti akatazama juu.

Akaona kidoa. Kidoa kikazunguka. Kikashuka kidogo. Kikazunguka tena. Kikapata mabawa. Mwewe!

Kidoti akafungua mdomo. Akatafuta neno. Kitembo cha Mwewe ni nini? Hakuna. Tembo na Mwewe wana habari gani? Aseme Nguruuum? Akisema Nguruuum wenzake watasimama. Akaachana na Kitembo.

"Kek-kek-kek!"

Bi Mtama akaruka kama aliyekalia siafu. Akamfunika mwanawe kwa bawa, akambana mdomo. "Nyamaza! Mgeni anasikia! Unataka uso wangu niuweke wapi?"

Kule uwanjani vifaranga walisikia. Miguu yao ikageukia vichakani yenyewe. Wakamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama juu, na mwalimu akaona. Aliona, jamani, msinidanganye kwamba hakuona! Akamtazama Mama Tembo. Akatazama watoto. Akasema, "Nguruuum."

Watoto wakafanya walivyofundishwa. Wakakusanyika duara. Wakasimama imara. Wakapanua vibawa, ndio masikio hayo. Walipendeza sana. Nadhani Mwewe mwenyewe hakuamini macho yake. Siku zote anatafuta kwa jasho, leo kapakuliwa kwenye sahani.

Kidoti akajichomoa chini ya bawa la mama yake. Akakimbia. Gamba linampiga kifuani, ko! ko! ko! "Kek-kek-kek! Kek-kek-kek!" Akafika kwenye duara, akamdonoa huyu mkiani, akamdonoa yule. Puru-puru-puru! Duara likavunjika, vifaranga wakatumbukia vichakani wote.

Wote, ila yeye. Alikuwa wa mwisho.

Vuuuu! Mwewe akashuka, kucha zikanasa kwenye ugwe wa gamba. Ugwe ule ule. Akanyanyua. Kidoti akaning'inia kwa shingo, ugwe umemkaba, sauti haitoki. Bi Mtama akaja mbio, akaruka, akamdaka mwanawe mguu kwa mdomo. Wakaning'inia wote wawili. Mwewe anavuta juu, mama anavuta chini. Na mama hawezi kupiga kelele. Akifungua mdomo, mtoto ameondoka.

Kelele zilibaki kwetu sisi.

Tukanyamaza.

Sisi kanga! Sisi ambao jani likidondoka tunapiga kelele mpaka ng'ambo ya mto! Tukatazama mgeni. Tukatazamana. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze, maana gamba lipo na sheria ni ya wote. Miguu ya Bi Mtama ikaacha ardhi. Macho yake yakamtazama Mwalimu Kishungi. Hayakumwomba kwa Kitembo.

Mdomo wa Mwalimu Kishungi ukafunguka. Ukafungika. Ukafunguka.

"Kek," akasema, kidogo, kama aliyepaliwa. Kisha, "Kek-kek." Kisha kikamtoka chote, na machozi juu, "Kek-kek-kek! Kek-kek-kek-kek!"

Basi tena! Wote! Wazazi, wajumbe, kamati nzima, "Kek-kek-kek! Kek-kek-kek!" Mzee Bawa na mgongo wake, "Kek-kek-kek!" Kelele ikapanda kutoka kila upande, Mwewe akachanganyikiwa, hajui kundi ni kubwa kiasi gani wala liko wapi. Akapepesuka. Ugwe ukakatika, pwa! Gamba huko, mama huku, mtoto pale kwenye majani, pu!

Tukamkimbilia. Alikuwa anapumua. Shingo yake ilikuwa imekwanguka yote, kuanzia kidari mpaka kichwani, hakuna unyoya hata mmoja.

Mama Tembo akasogea taratibu, asije akatukanyaga. Akasema, na kwa Kikanga, tena Kikanga kizuri, "Mbona mlikuwa mmenyamaza?"

Mwalimu Kishungi akainama. "Tulikuwa tunasema Kitembo, mama."

"Lini?"

"Pale mwanzo. Watoto walipokukaribisha."

"Kile kilikuwa Kitembo? Mimi nilidhani watoto wana kikohozi, nikawaonea huruma." Akaguna. "Na lile duara?"

"Ndivyo mnavyofanya nyinyi."

"Ndio, sisi. Mtoto wangu akisimama, ni ukuta. Wako akisimama ni chakula. Mwewe hata jina lake kwetu hatuna, hajawahi kumbeba mtu."

"Na Kikanga umejifunza wapi, mama?"

"Hapa bwawani, miaka yote. Nyinyi kelele zenu nani asizisikie? Hakuna aliyenivisha kitu."

Akaondoka zake. Du. Du. Du. Tukabaki na aibu yetu, na aibu ile haikuwa na mgeni rasmi.

Kidoti akapona. Lakini alijificha ndani ya kichaka, hatoki. Hendi bwawani, hataki kuonekana. Bi Mtama akamwita kwa Kikanga, "Kidoti, mwanangu." Kimya. Akamwimbia. Kimya. Akamletea mchwa wenye mabawa. Akala, kimya. Mtoto hasemi Kitembo, hasemi Kikanga, hasemi chochote. Bi Mtama akaona sasa kile alichokuwa akikiita ukubwa ni nini.

Asubuhi moja Kidoti akiwa mle kichakani akasikia sauti. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Akachungulia. Akamwona mama yake kwenye kichuguu cha shule, anasugua shingo kwenye udongo mgumu, manyoya yake marefu yale yanadondoka. Kwaru. Kwaru. Damu inatoka.

Kidoti akatoka mbio. "Mama! Unafanya nini?"

Kwa Kikanga. Tena swali!

Bi Mtama akalia. "Uliita, mwanangu, ukaita sawasawa. Mimi mama yako nikakuziba mdomo. Hutatembea na shingo hii peke yako."

Wakalia wote wawili pale. Mara wakasikia upande wa pili wa kichuguu, kwaru, kwaru. Alikuwa Mwalimu Kishungi, hata salamu hakutoa. Akaja Mzee Bawa, akaja mjumbe mmoja, akaja wa pili, ikaja kamati. Mpaka jua linakuwa kali, manyoya yametapakaa bwawani kote na kanga wote wana upara. Ndio huu. Pembe ya utosini tuliiacha, si lazima aibu zote zitoke siku moja.

Na tangu hapo kelele zetu zimezidi, tunapiga kwa lolote, mgeni awepo asiwepo. Majirani wanalalamika. Waacheni.

Sasa mtaniuliza, tulipata akili? Juzi kwenye kikao mmoja kasema tusomeshe kwa Kitwiga, maana Twiga anaona mbali. Nikaona vichwa vinaitikia. Nikaona na bawa langu mimi, mjukuu wa mjukuu wa Bi Mtama, linanyanyuka lenyewe taratibu. Nikalikalia.

Basi funzo lake ni hili, nalisema wazi ili kesho asije mtu akasema sikusema. Mtoto mfundishe kwa lugha anayoielewa. Lugha nyingine ajifunze, ajifunze nyingi, hakuna aliyekataa, na Mama Tembo mwenyewe alijifunza. Lakini usimwadhibu kwa ile aliyoanguliwa nayo, maana siku akiona hatari, ndiyo atakayoitia.

Haya, mvua imekatika, tokeni mkaparue. Hadithi yangu nayo imeishia...

"Kek-kek-kek!"

Rudini! Rudini ndani wote! Nani kaita? Chembe? Umeona nini, mjukuu wangu? Wapi? Lile pale? Lile ni jani, mama, limedondoka tu na mvua.

Wewe, nani huyo anamwambia anyamaze? Hebu muache! Chembe, njoo hapa kwa bibi. Umeita vizuri. Ita tena, wakusikie.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye jani.